Jina la Haji Barkat Halina Ukuta

Haji Barkat Ali hakuwa amepoa kaburini wanawe walipojenga ukuta katikati ya kiwanda. Upande mmoja akakaa Mukhtar, mkubwa, mwenye tumbo na sauti ya kuamrisha. Upande wa pili akakaa Iftikhar, mdogo, mwenye miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Wote wawili wakaendelea kutengeneza feni za Tufani kwa nembo ileile. Mukhtar akaandika langoni kwake, "Tufani ya Asili." Iftikhar akaandika kwake, "Tufani ya Asili Kabisa." Mwenye duka la nyaya ng'ambo ya barabara akasema bado kuna nafasi ya kuongeza "wallahi".

Tahira, dada yao wa katikati, hakupata upande wowote. Siku ya arobaini ya marehemu, watu wakiwa bado na sahani za pilau mikononi, alisogezewa karatasi aweke sahihi kwamba amewasamehe ndugu zake fungu lake lote. Mashangazi wakamwambia ndivyo dada wema wanavyofanya, na kwamba anayedai urithi hukosa mlango wa kubisha siku akigombana na mumewe. Akasaini. Tangu hapo kila Idi alipata vitambaa viwili vya nguo, kimoja kutoka kila upande wa ukuta, na mara nyingi vya rangi moja, maana mawifi wale walikuwa wakinunua duka moja bila kuambiana.

Kitu kimoja ukuta haukuweza kukigawa: jina la tovuti. Marehemu alikuwa amelisajili kwa fundi Zulqarnain, mwenye duka la kompyuta, na ni kwa anwani hiyo Abu Haidar, mfanyabiashara wa Basra, aliandika kila majira ya baridi kuagiza feni za kiangazi. Abu Haidar hakumjua Mukhtar wala Iftikhar. Aliijua Tufani, na alijua mahali pamoja tu pa kuipata. Mwenye jina ndiye mwenye Basra.

Sasa watu wa Gujrat, mji wa ndugu hawa, wanajua kugombea kiwanja. Unawahi kwanza, unafunga nyati wako wa maziwa hapo, unaweka watu wenye bunduki, halafu ndiyo unatafuta wakili. Mukhtar akafuata desturi. Akapeleka wanaume wawili dukani kwa Zulqarnain waikalie kompyuta. Iftikhar aliposikia akapeleka wawili wake. Wakatandika vitanda vya kamba, wakaweka kiko cha maji katikati, na kabla wiki haijaisha walikuwa marafiki wa kucheza karata pamoja. Zulqarnain aliwaeleza kwamba jina halimo ndani ya kompyuta ile. Wakamuuliza limo wapi. Akasema halipo mahali, lipo tu. Wakatazamana, wakamwagizia chai, wakamwonea huruma.

Ndugu walipochoka kuwalisha walinzi, wakaenda mahakamani. Hakimu akatoa zuio: kila kitu kibaki kama kilivyo mpaka kesi iishe. Kwao kesi ni kitu cha kurithishana kama kisukari, kwa hiyo kila upande uligawa mithai, vile vitamu vya sherehe, na kudai umeshinda.

Lakini jina la tovuti si kiwanja. Hulipiwa kila mwaka, usipolipa linaanguka, na likianguka ni la atakayewahi. Zulqarnain akaenda kwa Mukhtar, akaenda na kwa Iftikhar, akawaomba walipe kabla halijapotea. Ada yenyewe haikuzidi bei ya kuku wachache. Wakili wa Mukhtar akasema asithubutu, maana kulipa ni kubadilisha hali, na kubadilisha hali ni kumdharau hakimu. Wakili wa Iftikhar akasema hivyohivyo, kwa bei hiyohiyo. Basi kila ndugu akatulia, akaweka mtu wa kumchungulia mwenzake asije akalipa.

Zulqarnain akamsimulia mkewe Shagufta. Kumsimulia Shagufta ni sawa na kukipa kipaza sauti cha msikiti. Yeye na Tahira walikuwa majirani wa paa kwa paa, na mchana huo wakakaa juani wakimenya njegere, Shagufta akamwaga yote, pamoja na ya mawakili na ya karata.

"Na mimi zuio limenishika?" Tahira akauliza.

"Likushike wewe kwani wewe nani? Kwenye kesi yao hawakukuandika hata jina. Imeandikwa marehemu aliacha watoto wawili."

Tahira akaendelea kumenya, ila maganda akayatia kwenye sufuria na njegere akazitupa chini. Fungu alilisamehe, sawa. Lakini kusamehe fungu ni jambo moja, na kuambiwa hukuzaliwa ni jambo lingine. Usiku huo hakumwambia mumewe neno. Jina lilipoanguka, Tahira binti Barkat Ali alikuwa wa kwanza kuliokota, akalipa ada, akaliandikisha kwa jina lake, na Zulqarnain akampa risiti.

Oda ya Basra ilipoingia, ikaingia kwa Tahira.

Habari ikafika kiwandani kabla ya adhana ya alasiri. Mukhtar na Iftikhar wakaja katika gari moja, jambo ambalo mtaa haukuwa umeliona tangu mazishi, na watu wakapanda mapaani kutazama. Walileta boksi la mithai na shali ya sufu. Mukhtar akamwita mdogo wangu, nuru ya nyumba yetu. Akamweleza kwamba karatasi ile ilisema amesamehe kila alichoacha baba.

"Hiki baba hakukiacha, kaka," Tahira akasema. "Nyie mlikiangusha, mimi nikaokota."

"Dada, samehe tu kama siku ile," Iftikhar akasema, na kwa mara ya kwanza akavua miwani.

"Msamaha niliokuwa nao niliumaliza siku ile."

Mukhtar akabadilisha sauti, akasema basi watakutana kwa hakimu.

"Nishtakini. Hakimu atasema kila kitu kibaki kama kilivyo. Na kilivyo, ni changu." Akawasogezea mithai yao wenyewe. "Mtaandikwa wote wawili kwenye tovuti, mmoja kulia, mmoja kushoto. Oda mtagawana. Na katika kila feni tano, moja ni yangu. Mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Hesabu hiyo sikuitunga mimi, na nyie mnaisoma kila Ramadhani."

Wakanyanyuka bila kuaga. Shagufta, aliyekuwa amekuja kuazima chumvi na bado hajaiomba, akakimbilia dirishani kumtangazia. Wamepanda gari. Mkubwa anapiga usukani. Mdogo anamwonyesha kitu kwenye simu, bila shaka barua ya yule wa Basra. Wanabishana nani aingie kusema ndiyo, maana atakayeingia wa kwanza ndiye atakayekuwa ameshindwa.

Gari likawashwa. Likanguruma pale pale, likazimwa. Milango miwili ikafunguka kwa pamoja.

Tahira akaongeza maji kwenye birika.