Kivuko cha Sebuleni

Jiji lilipozungushia barabara vyuma pande zote mbili ili watu wasivuke ovyo, lilisahau jambo dogo: pa kutokea. Mistari myeupe ya kivuko ilianzia lango la soko, ikakata lami, ikaishia mlangoni kwa mama mshonaji, mjane. Kushoto vyuma, kulia vyuma. Asubuhi hiyohiyo mtu akapiga hodi na kapu la vitunguu.

"Samahani mama, napita tu."

Akakatiza sebule, akatokea mlango wa nyuma. Wengine wakamfuata.

"Naenda kushtaki kwa meya," mama akamwambia kinyozi, jirani yake wa kulia, ukuta kwa ukuta.

"Shemeji, thubutu! Watasema nyumba yako ndiyo imeziba kivuko. Unadhani watabomoa nini, mistari?" Kinyozi akacheka hadi akashika mbavu.

Mama akarudi ndani. Nyumba ile marehemu mumewe aliijenga kwa jasho lake. Hakutaka kuiitia tingatinga kwa mdomo wake mwenyewe. Akaweka masharti tu: viatu mkononi, na saa ya sala mlango unafungwa.

Mchana mmoja akafunga, akapiga magoti. Alikuwa na wengi wa kuwaombea: wagonjwa, wafungwa, wasafiri, hata wapaka rangi wa jiji. Nje watu wakajaa juu ya mistari, na askari wa jiji akiwakemea, "Ukishaanza kuvuka, hakuna kurudi!" Magari yakapiga honi. Meya akashuka kwenye gari lake, jasho likimtiririka.

"Hawa wanangoja nini?"

"Mama amalize kusali, mheshimiwa."

"Mama gani?"

"Mwenye kivuko."

Mlango ukafunguka. "Amina. Karibu, baba. Viatu mkononi."

Meya akavua. Kidole gumba kikachungulia kwenye soksi, umati wote ukakiona.

"Nyumba hii iko hapa tangu lini?" akauliza kwa ukali.

Mama akawaza: Ndiyo hiyo, tingatinga linakuja. "Kabla ya barabara, baba. Lakini keti kwanza, hiyo soksi niitie uzi. Huwezi kutoka hivyo mbele za watu."

Meya akaketi. Mama akashona, wapitaji wakimsalimu mheshimiwa aliyekaa mguu wazi. Alipovaa soksi yake, ukali ulikuwa umemwisha.

Kesho yake wapaka rangi wakaja, wakasogeza mistari kidogo kulia. Jioni kinyozi akabisha hodi, wembe mkononi, povu la mteja likiwa bado vidoleni.

"Shemeji," akasema kinyonge, "nifundishe ile sala ndefu."