Godoro la Katibu

Kila Jumanne saa tatu asubuhi, Katibu wa Kamati ya Huruma alifungua ofisi ya kanisa, akapangusa mhuri kwa kitambaa, akapanga fomu mezani, kisha akawaita wenye shida mmoja mmoja kutoka kwenye benchi la nje. Nyuma ya kiti chake palikuwa na kabati la chuma lenye mablanketi arobaini mapya. Yalikuwa humo tangu mwaka jana yakimsubiri mgeni rasmi aje ayagawe mbele ya kamera, na mgeni rasmi, jamani, ni mtu wa shughuli nyingi.

Jumanne moja aliingia mjane wa fundi bomba, amembeba mgongoni binti yake wa miaka minne. Kifua cha mtoto kilikuwa kikikoroma kama birika jikoni.

"Katibu, tunalala sakafuni," alisema mjane. "Saruji ile inammaliza mtoto. Hata godoro kuukuu nitashukuru."

Katibu hakuwa mtu mbaya. Huruma ilimchoma kweli, hasa kabla ya chai. Aliisoma fomu mpaka mwisho, akagonga mhuri, akasema maneno aliyowaambia wote kwa miaka kumi na moja: "Nenda kwa amani, mama. Mungu atakupa."

Aliporudi nyumbani kula chakula cha mchana, alikutana na godoro lake mlangoni, linatoka. Lilimpisha apite kwanza, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba, kisha likajikunja kidogo kuvuka kizingiti na kushika njia. Mkewe alikuwa uani na shuka mkononi.

"Nimelivua shuka," alisema mke. "Ningejua linakokwenda ningeliachia."

"Linakwenda kwa mjane wa fundi bomba."

"Basi lifuate, baba, umpelekee na shuka."

Katibu alisema ana njaa. Mke akavaa kandambili, akalifuata godoro mwenyewe.

Wiki iliyofuata Katibu alimwambia mzee mmoja mwenye miguu mitupu kwamba Mungu atampa, na viatu vyake vyeusi vya ibada vikashuka ngazi, cha kushoto kikitangulia. Mama wa mapacha alipata sufuria tatu pamoja na meza ya kulia, ambayo ilibidi itokee dirishani. Majirani walizoea upesi. Mwenye baiskeli alipiga kengele, meza ikasogea pembeni, wakapishana bila ugomvi.

Mke hakulalamika. Alisema kwa miaka kumi na moja alikuwa akijiuliza maneno yale yanakwenda wapi, na sasa angalau anayaona yakipita.

Kamati ilikutana. Mwenyekiti alisema ni jambo la kumshukuru Mungu, kwani ni dhahiri anasikia. Wakasimama, wakashukuru, wakaketi. Ndipo Mhazini, ambaye alikuwa na makochi mapya, akauliza kama maneno hayo yakisemwa na mjumbe mwingine yatafanya kazi vilevile. Kiongozi wa kwaya akakohoa, akasema yeye alimwambia hivyo ombaomba wa getini, na jokofu lake halijaonekana tangu Ijumaa.

Azimio likapita bila kupingwa. Maneno "Mungu atakupa" yasitamkwe tena ofisini, isipokuwa katika mahubiri ya jumla yasiyomlenga mtu. Wenye shida waambiwe "Tutaangalia." Hakuna aliyelitaja kabati.

Baridi ilipoingia, mjane wa fundi bomba alirudi na mtoto wake.

"Godoro ni zuri, Katibu, Mungu akubariki. Kile kifua kilianza kupoa. Ila usiku huu wa baridi hatuna cha kujifunika, na kikohozi kimerudi."

"Tutaangalia, mama."

Mjane alimtazama. "Si useme lile neno lako?"

"Limefutwa."

"Linong'one tu. Mtoto huyu hapa."

Katibu alilikumbuka blanketi moja lililobaki nyumbani, lile wanalogombania yeye na mkewe. Alimwonea mtoto huruma mpaka machozi yakamlengalenga, haki ya Mungu. Lakini akabana midomo na kufikiria jambo jingine.

Hapo kabati likaanza kugonga kwa ndani. Liligonga taratibu, kwa adabu, likanyamaza, likagonga tena.

"Mama," alisema mtoto, "kuna watu mle wanabisha hodi."

"Si watu, mwanangu," alisema Katibu kwa upole. "Ni mablanketi tu. Yanamsubiri mgeni rasmi."

Akainuka, akavuta kufuli kuona kama limeshika. Lilikuwa limeshika. Akagonga mhuri kwenye fomu ya mjane, akamfungulia mlango, akaita anayefuata. Mtoto alikohoa njia nzima mpaka getini, na kabati likaendelea kubisha hodi mpaka saa ya kufunga ofisi.