Furushi la Khisa

Khisa hakunipenda tangu siku ya kwanza, nami sikuona haja ya kumbembeleza. Yeye huandika programu, mimi hutunza seva. Ofisi yetu iko Kansanga, juu ya baa, na tunafanya kazi ya kampuni moja ya ulinzi. Mlinzi mpya akipangiwa lindo, programu yetu ndiyo inayomtengenezea barua ya kwenda nayo. Bila barua hiyo hapokelewi.

Wikendi ile tuliihamisha programu kutoka kompyuta ya Khisa hadi kwenye seva ya kukodi. Jumatatu asubuhi barua zikagoma. Kila aliyebonyeza kitufe alijibiwa kwamba faili halipatikani, na walinzi arobaini walikuwa wamepanga foleni kwenye ofisi ya kampuni hiyo, Namuwongo, na sare zao mpya, hawana pa kwenda.

Khisa hakujisumbua hata kuuliza ni faili gani. Alizungusha kiti akamwambia bosi kwamba furushi lake, yaani programu nzima aliyoifunga pamoja, ni kamili, kwake linafanya kazi, na kama kuna faili halipo basi limefutwa. Nywila ya seva nilikuwa nayo mimi peke yangu, na yeye alilijua hilo vizuri sana.

Bosi wetu, Mzee Okwera, alikuwa polisi kwa miaka thelathini, na ofisi anaiendesha kama chumba cha zamu kituoni. Kitu kikipotea, aliyeshika funguo ndiye anayejibu. Kwa bunduki na pingu, sawa. Kwa faili la kompyuta ni upuuzi mtupu, lakini nani angethubutu kumwambia?

"Abalo, wewe ndiyo ulikuwa na funguo," akasema. "Hiyo faili nataka saa kumi. Kama hakuna, unaenda nyumbani kabisa."

Kisha akampigia simu baba yangu. Baba alikuwa askari chini yake, na hadi leo, akiwa mstaafu anayefuga kuku, bado humwita afande. Nilisimama palepale nikimsikia Okwera akimweleza kwamba mtoto wake ameharibu kazi ya watu, tena labda kwa makusudi. Kufukuzwa ningevumilia, kazi zipo. Lakini baba aamini kwamba amezaa mharibifu? Hilo liliniuma hadi machozi yakanitoka. Khisa akayaona, akatabasamu.

Nilijifuta uso, nikaketi, nikausoma ule ujumbe wa hitilafu neno kwa neno. Programu ilikuwa ikitafuta faili la herufi za kuchapia barua, na ilikuwa ikilitafuta ndani ya folda yenye jina la Khisa. Kwenye seva yangu hakuna folda kama hiyo na haijawahi kuwepo.

Nikaelewa. Kifaa anachotumia Khisa kufungia furushi huikusanya programu yetu pamoja na maktaba zote za JavaScript inazozitegemea, yaani misimbo iliyoandikwa na watu wengine, kikazifunga kuwa faili moja. Ila hubeba kile tu ambacho msimbo umekiita waziwazi. Maktaba ya kutengeneza barua hulisoma faili lake la herufi baadaye, wakati kazi imeshaanza. Kifaa hakikuliona, hakikulibeba, kikabaki na anwani yake tu, ile ya kompyuta ya Khisa. Ndiyo maana kwake lilikuwepo siku zote. Bwana mkubwa alikuwa amehama nyumba akaacha jiko nyuma, kisha akaniita mimi mwizi wa jiko.

Nilimwita bosi, na mbele yake nikamtaka Khisa abadilishe jina la folda ya maktaba kwenye kompyuta yake, ili anwani ile isifike popote, halafu aliendeshe hilo furushi lake kamili.

"Hiyo ni mchezo tu," Khisa akasema.

"Badilisha."

Alibadilisha. Barua ikagoma kwa ujumbe uleule, kwenye kompyuta ambayo nywila yake sijawahi kuijua. Khisa akaanza kueleza habari za matoleo na mipangilio, maneno mengi, na hakuna aliyemsikiliza.

Kurekebisha kulinichukua dakika ishirini. Nilikiamuru kifaa kiiache maktaba hiyo nje ya furushi, nikaisakinisha nzima kwenye seva pamoja na mafaili yake yote, nikafunga upya. Saa tisa barua ya kwanza ikatoka, ya mlinzi anayeitwa Okeny. Nilifurahi, sitadanganya, na sehemu kubwa ya furaha hiyo ilikuwa uso wa Khisa.

Okwera aliitazama barua, akaikunja, akataka kurudi chumbani kwake. Nikamzuia mlangoni.

"Mzee, piga baba simu. Mwambie ukweli."

Akapiga na kuweka spika ili nisikie.

"Ojara, ile maneno imeisha," akasema. "Mtoto tumemsamehe."

"Asante sana, afande," baba akajibu, kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Nitamkanya mimi mwenyewe."

Nyuma yangu Khisa akacheka chini kwa chini. Nikaichukua simu mkononi mwa Okwera. Mimi na baba huzungumza Kiacholi, lakini siku hiyo nilisema kwa Kiswahili ili wote watatu wanisikie.

"Baba, usimshukuru. Hakuna kosa alilonisamehe."