Picha ya Mkwe Nyuma ya Menyu

Kama adabu ingekuwa inaua, Bi Taipu angekuwa amezikwa zamani, na mkwewe angekuwa kizimbani anajibu mashtaka. Miezi kumi na moja alikuwa ameishi nyumbani kwa bintiye, na katika miezi yote hiyo mume wa binti hakuwahi kumpandishia sauti, hakuwahi kumtania, hakuwahi hata kumwambia, "Mama, nipe huo mkasi." Akiutaka mkasi ulio karibu na Bi Taipu, aliinuka, akazunguka meza, akainama, akauchukua, akasema, "Samahani mama." Kisha akarudi kukaa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bi Taipu hakupewa jembe wala kijiko. Akiosha kikombe, ananyang'anywa. Akishika ufagio, anaombwa apumzike. Mwanamke aliyechapa hati miaka thelathini na mbili katika ofisi ya mawakili, na jina la Bi Taipu akalipata huko huko kwa kasi ya vidole vyake, sasa alikuwa amewekwa kwenye kochi kama kitambaa cha mapambo.

Basi alikuwa amejipangia. Mwezi ukiisha bila mtu kucheka naye humu ndani, anampigia simu mwanawe wa kiume aje amchukue. Kwa mwanawe kulikuwa na kelele, na mke wa mwanawe alikuwa na mdomo usiojua likizo. Lakini kule angalau aligombezwa, na mtu anayegombezwa anajua kwamba yumo. Zilibaki siku nane.

Mkwe alikuwa mwalimu wa kemia, mtu mrefu mwenye miwani na sauti ya chini. Mkewe, binti wa Bi Taipu, alikuwa nesi, na zamu zake hazikuwa na mwanzo wala mwisho. Kwa hiyo mara nyingi nyumbani walibaki wawili, mama mkwe na mkwe, na kompyuta moja sebuleni.

Kompyuta hiyo mwalimu alikuwa ameitia mifumo miwili. Mmoja ulikuwa wa kazi zake za shule, wa pili wa nyumbani, wenye filamu za nesi na mchezo wa karata wa Bi Taipu. Ukiiwasha, kabla haijaamka sawasawa, ilileta menyu: skrini nyeusi, mistari miwili ya herufi nyeupe, Kazi na Nyumbani, na sekunde kumi zikihesabiwa kwa kurudi nyuma. Usipochagua, inaingia Kazi yenyewe. Sasa Bi Taipu akikaa tu acheze karata zake, mwalimu huyo, anakuja mbio hata kama yuko mezani anakula, anabonyeza kishale mara moja, anabonyeza Enter. "Usisumbuke mama, nitakuchagulia mimi."

Vitufe viwili! Vidole vilivyochapa wosia za nusu ya mji vilikuwa vinaonewa huruma kwa vitufe viwili. Hapo ndipo wazo lilipomjia, na kwa kuwa lilikuwa wazo baya, alilipenda papo hapo.

Mwalimu alikuwa na tabia moja. Kila alichokifanya kwenye kompyuta alikiandika kwenye daftari, kama vile anaandika jaribio la maabara: tarehe, lengo, hatua, matokeo. Daftari lilikaa wazi kando ya kibodi, na Bi Taipu alikuwa amelisoma lote kwa kukosa la kufanya. Ukurasa wa kumi na tisa ulisema hivi: "Lengo: kuweka picha nyuma ya menyu ya kuwashia." Zikafuata hatua saba, kila amri imeandikwa kwa mwandiko safi wa mwalimu, nukta kwa nukta. Chini: "Matokeo: imefaulu. Nimeiondoa. Haina umuhimu."

"Tutaona kama haina," Bi Taipu akajisemea.

Picha aliyokuwa nayo ilikuwa ya dhahabu. Jumamosi iliyopita mwalimu alirudi kutoka shuleni, akajibwaga kwenye kiti na koti lake jeupe la maabara, akapitiwa na usingizi hapo hapo, mdomo wazi, miwani imepanda kwenye paji la uso, kalamu nyeusi mfukoni. Bi Taipu alimpiga picha mbili kwa simu. Ya kwanza ilikuwa ya uso kwa karibu, na nyuma yake pazia la bluu iliyokoza. Ya pili ilimwonyesha mzima mzima, koti limetanda katikati yote. Akazitazama kwa jicho la kazi, akachagua ya pili. Herufi zinataka weupe wa kukaa juu yake, hilo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza analijua. Miaka thelathini na mbili karatasi ilikuwa nyeupe na wino mweusi. Kwamba herufi zenyewe zinaweza kuwa nyeupe, alikuwa anaziona hivyo kila siku, lakini mazoea ya miaka yote hiyo yalimfumba macho.

Ijumaa mchana, nesi yuko zamu na mwalimu shuleni, Bi Taipu alivuta kiti. Neno la siri halikumsumbua. Mwalimu alichapa kwa vidole viwili tu, tena akijinong'onea kila herufi, na nyumba nzima ilikuwa inalijua mpaka majirani. Akahamisha picha kutoka kwenye simu. Akafungua faili la mipangilio, akachapa mstari wa picha, akahifadhi, akatoa amri ya mwisho. Hakuelewa hata neno moja. Lakini hati za mawakili nazo hakuwahi kuzielewa, na zote zilifika mahakamani salama. Mashine ikamwaga maandishi, ikatua, ikasema imekamilika.

Alitaka kuizima na kuiwasha ahakiki kazi yake, mara geti likalia. Akazima, akarudi kwenye kochi, akafumba macho, akawa bibi kizee anayepumzika.

Jioni ya Ijumaa mwalimu hakugusa kompyuta, ndiyo ilikuwa siku yake ya kupiga pasi. Jumamosi asubuhi Bi Taipu aliamka mapema, akaoga, akajipaka mafuta, akakaa kusubiri sinema yake. Ama mkwe atacheka, ama atafoka. Lolote kati ya hayo mawili lilimtosha.

Saa tatu hodi ikabishwa mlangoni. Aliyeingia ni mwalimu mkuu wa shule, mwanamke mnene mwenye faili kwapani, ambaye shuleni walisema mara yake ya mwisho kucheka geti lilikuwa bado la mbao. Alikuja kupitia mtihani wa kemia kabla haujapelekwa kuchapishwa Jumatatu. Bi Taipu akaitupia jicho kompyuta. Alikuwa amepanga aibu ya watu wawili, na huyu wa tatu hakuwemo kwenye hesabu.

"Baba, si mngekunywa chai kwanza?" akadakia.

"Asante mama, tutakunywa baadaye," akasema mwalimu, akawasha kompyuta.

Skrini ikajaa mwalimu. Mdomo ulikuwa mpana kuliko ulivyokuwa kwenye simu, na meno ya nyuma yalihesabika. Yule wa kitini akamtazama yule wa skrini. Kwa mshtuko akabonyeza kitufe, sijui kipi, na ile hesabu ya sekunde kumi, ambayo ingewaokoa yenyewe, ikasimama. Wakabaki naye hapo, amelala.

"Mwalimu," akasema mwalimu mkuu taratibu, "huyu ni nani?"

"Ni... ni mimi."

"Na hilo ni koti la shule?"

"Ndiyo, mama."

Mwalimu akatafuta menyu. Menyu haikuwepo. Herufi nyeupe zilikuwa zimezama kwenye koti jeupe, zikabaki mbili tu zinazoonekana, pale zilipopita juu ya kalamu nyeusi mfukoni. Akasogeza miwani. Akainamisha kichwa upande mmoja kama kuku. Jasho likaanza kumtoka, na Bi Taipu aliyaona masikio yake yakibadilika rangi. Hakuona raha hata kidogo. Alimwonea huruma, akajionea haya.

Akainuka. "Ni mimi niliyeiweka," akasema. "Yeye hana habari. Nilitaka kumtania, basi. Msimlaumu."

Hakungoja jibu. Akapita katikati yao, akabonyeza kishale cha juu mara tatu, ili awe na hakika yuko mstari wa kwanza, akabonyeza Enter. Picha ikatoweka, mfumo wa Kazi ukafunguka, na mtihani wa kemia ukapatikana pale ulipoachwa.

Mwalimu mkuu alikuwa anavitazama vidole vyake. "Mama, kompyuta umesomea wapi?"

"Sijasoma. Nimenakili."

Wakafanya kazi yao saa nzima. Akiaga mlangoni, mwalimu mkuu alisema tu, "Mwalimu, koti liwe linabaki shuleni." Akaenda zake na uso wake ule ule.

Bi Taipu akasimama katikati ya sebule, mikono nyuma, akisubiri. Sasa atafoka. Akifoka nitajibu, naye atanijibu, tutamaliza. Mwalimu akafuta miwani kwa pindo la shati. Akafuta tena. Midomo yake ilitetemeka kidogo.

"Asante mama kwa kutusaidia," akasema, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Hilo lilimchoma kuliko kofi. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha wenyewe ndio huo. Amemwaibisha mtu mbele ya mkubwa wake, na mtu huyo bado anamshukuru! Akaenda kukaa ukingoni mwa kitanda chake, akampigia mwanawe bila kungoja mwezi uishe.

"Njoo unichukue Jumatatu."

"Wamekufukuza?" mwanawe akauliza.

"Wangenifukuza ningefurahi."

Jumapili yote mwalimu alikuwa na adabu zake, ila alishinda kwenye kompyuta na daftari, akinong'ona. Bi Taipu hakusogea karibu. Alidhani anasafisha uchafu wake, na hakutaka kuona.

Jumatatu asubuhi, mwalimu akiwa bafuni, alikaa acheze karata za mwisho katika nyumba ile. Akawasha. Menyu ikaja, naye akapiga ukelele uliomwamsha nesi aliyetoka zamu.

Alikuwa ni yeye. Yuko jikoni, amejikunyata mbele ya kabati, kopo la sukari kwapani, kijiko kizima mdomoni, na jicho moja linachungulia mlango. Nesi alikuwa amempiga marufuku sukari tangu vipimo vya mwisho, naye kila siku alikuwa anaapa kwamba hata harufu yake ameisahau. Juu ya ukuta mweupe wa jikoni, kwa herufi nyeusi zinazosomeka vizuri kabisa, menyu ilisema: Kazi. Nyumbani. Mwizi wa Sukari, Ushahidi wa Kwanza.

Mwalimu alitokea mlangoni na povu la dawa ya meno mdomoni, taulo shingoni, anacheka mpaka anashika ukuta. Bi Taipu hakuwahi kusikia kicheko chake. Kilikuwa kikubwa, cha hovyo, hakikufanana naye.

"Huna adabu!" akamwambia. "Unampiga mama mkwe picha kwa siri?"

"Nani kaanza, mama? Juzi nilikimbilia chumbani nikacheka ndani ya mto, nusura nife. Mwalimu mkuu kanipigia simu jioni, ati nimtumie ile picha."

"Sasa mbona hukusema? Miezi kumi na moja, asante mama, samahani mama!"

Mwalimu akafuta povu. "Nilikuwa nakuogopa," akasema. "Siku nilipokuja kuposa uliniuliza kama najua kuandika barua rasmi. Mpaka leo nikikuona nanyoosha kola."

Bi Taipu alitaka kucheka, akaikumbuka simu aliyopiga. "Mwanangu anakuja saa sita kunichukua," akasema.

"Akija atakunywa chai, halafu atarudi alikotoka. Chumba kile ni chako." Mwalimu akamgusa bega amwondoe kitini. "Sogea hapo mama, unanichelewesha, nina mtihani wa kupeleka. Na chai yenyewe iko wapi? Watu wameamka tangu saa ngapi, mezani hakuna hata kikombe!"

"Sikilizeni mambo haya!" akapaza sauti Bi Taipu, akiinuka haraka asije akaonekana uso. "Mkwe gani huyu, anamtuma mama mkwe kama mtumishi wake!" Akaenda jikoni akilalamika njia nzima, akabandika maji, akapanga vikombe. Akatia sukari kijiko kimoja kwenye cha mkwe na vitatu kwenye chake, na kabla ya kukoroga aligeuka kwanza kutazama kama kuna simu mlangoni.