Majivu ya Shamba la Mfano

Subira huvuta heri, husema watu. Ng'ambo ya reli ya Kamina, mwezi wa tisa, subira huvuta moto. Nyasi zimekauka hadi zinalia zikiguswa, mvua bado ina safari ndefu, na mtu anayengoja kuona upepo utaelekea wapi hupata jibu lake akiwa ndani ya moshi.

Phébé alilijua hilo tangu utotoni, na mwaka huu alingoja. Alikuwa monitrisi, mwelekezaji wa kilimo, analipwa na kampuni ya madini iliyowajengea wanakijiji shule na kufungua kando yake shamba la mfano. Muhogo ulisimama kwa mistari, karanga katikati yake, na udongo wote ukafunikwa matandazo ya nyasi kavu ili usipoteze unyevu. Hakuna aliyebisha tena: mihogo ya shamba lile ilinenepa kuliko yote ya jirani. Mvua zikianza, miti ya mihogo hiyo ingekatwa vipande vya mbegu na kugawiwa kila familia ikapande kwake.

Sharti la kampuni lilikuwa moja: moto marufuku. Hata ule mdogo wa mwezi wa sita, ambao tangu zamani watu huuwasha kuzunguka nyumba zao nyasi zikiwa bado na ubichi, ili moto mkubwa ukija usikute chakula. Phébé ndiye aliyepita mlango kwa mlango kuukataza.

"Weye Phébé," Mama Kabedi alimwambia siku ile, jembe begani, "tangu wakati gani moto inaombaka ruhusa kwa kampuni?"

Wanawake walicheka. Phébé naye alicheka.

Asubuhi hii hakuna aliyecheka. Walikuwa shambani waking'oa magugu, kwa kuwa wakubwa wa kampuni wangefika kesho kutwa, moshi ulipopanda nyuma ya reli. Wawindaji wa panya wa porini, wanaochoma nyasi ili panya watoke mashimoni. Aliyewasha hakujulikana; kwa desturi hajulikani kamwe.

"Reli itausimamisha," alisema mmoja. Ilikuwa kweli kila mwaka. Moto hufika kwenye kokoto za reli, ukakosa cha kula, ukafa.

Phébé aliinua macho akawaona mwewe. Mwewe hufuata moto, huzunguka mbele yake wakidaka panzi wanaoukimbia. Aliwaangalia kwa muda, akitafuta kosa katika macho yake mwenyewe. Mwewe walikuwa upande huu wa reli.

Moto ulikuwa umeshavuka. Panya wa kwanza alipita juu ya mguu wake, kisha mwingine, kisha panzi wakaja kama mvua ya mawe, na wote walikuwa wanakimbilia shule.

Shule ilikuwa na jengo moja la matofali na mabati. La pili lilikuwa limeahidiwa. Kwa sasa watoto wa mwaka wa kwanza walisomea katika kibanda cha nyasi, nyasi ukutani, nyasi juu. Léa, binti yake, alikuwa mle.

Alipofika uani akipumua kwa shida, wanawake wenzake nyuma yake, mwalimu Émile alishawatoa watoto wote na kuwapanga mistari.

"Maître, unabapeleka wapi?"

"Ku barabara! Unataka tubakie huku tuive kama mihindi?"

"Ku ile njia nyasi inapita kichwa yako. Moto itabakuta katikati."

"Basi tufanye nini? Sema, weye mwenye diplome!"

Phébé aligeuka. Kati ya uwanja uliofagiliwa na ukuta mwekundu wa moto uliokuwa unakuja hapakuwa na kitu ila shamba la mfano. Matandazo yalifika hadi ukingo wa uwanja, makavu, mazito, yametandazwa kwa mikono yake. Yangeubeba moto hadi kwenye kibanda kama mama anavyobeba mtoto.

"Mama Kabedi," alisema, "kamata makala ya moto ku jiko ya shule."

"Ya kufanya nini?"

"Tuunguze shamba. Sasa, mbele ya ile moto kubwa kufika, ikose chakula."

"Vidye wangu, Mungu wangu! Miti yetu ya muhogo iko mule! Tutapanda nini?"

"Najua. Kamata makala!"

Phébé alitupa kaa la kwanza, likaangukia mchanga. La pili likashika. Moto wake ulianza kwa kumgeukia yeye. Ukalamba sketi, ukaupeleka moshi juu ya watoto walioambiwa walale kifudifudi uwanjani na kufunika nyuso kwa vitambaa, na wanawake wakaupiga kwa matawi mabichi usivuke. Watoto walilia, kisha wakanyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikomtisha zaidi. Itakuwaje, alijiuliza, kama ni mimi niliyewawahishia kifo?

Halafu ule moto mkubwa ulivuta pumzi, hewa yote ikaelekea kwake. Moto mdogo ukainua kichwa, ukaipa shule mgongo, ukaenda kwa mwenzake kama aliyeitwa. Ilipokutana ilinguruma kama treni ya mizigo.

"Ku majivu! Babebeni, iko moto ku chini!" Phébé alipaza sauti.

Waliwabeba hadi palipoungua, mahali pasipokuwa na cha kuungua tena. Nyuma yao cheche zilitua juu ya kibanda cha mwaka wa kwanza. Hakikuchukua muda. Kilikuwa kitupu.

Léa alitoa uso kwenye kitambaa. "Mama, sasa naweza kupumua?"

Wakubwa wa kampuni walifika siku yao, wakakuta weusi mtupu. Monsieur Kasanda, msimamizi wa miradi, alimvuta Phébé pembeni.

"Madame, hawa bakubwa bametoka mbali kuona shamba. Utasimama mbele yao na mbele ya bazazi ya batoto, utasema ulishikwa na woga, utaomba musamaha. Nusu dakika tu. Kazi yako itabakia, na jengo ya pili itajengwa."

"Na nisipoomba?"

"Sijui nitabaeleza nini."

Alikuwa na woga, hilo halikuwa uongo. Aliogopa kurudi nyumbani bila mshahara. Aliogopa nyuso za wanawake ambao hawakuwa na mti hata mmoja wa kupanda, na baadhi yao hawakumwamkia asubuhi. Aliogopa nyasi ndefu zilizobaki upande wa pili wa shule, na upepo ambao haukuwa umetulia.

Alisimama. Aliwageukia wakubwa na wazazi.

"Shamba niliiunguza miye mwenyewe," alisema. "Matandazo iko muzuri, nitatandaza tena. Lakini mwezi wa sita tutachoma kuzunguka shule, kampuni ipende isipende."

Monsieur Kasanda alikohoa. "Madame Phébé. Musamaha."

"Batoto ndio bale, beko bazima. Siombi."

"Madame..."

"Nimesema siombi musamaha."