Muhuri Ulioinama

Haya niliambiwa na Kiyono, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwezi wa kumi na moja, miaka miwili kabla ya yale maonyesho makubwa ya dunia hapa Osaka. Tulikuwa tunatia figili chumvi kwenye pipa, naye anazikandamiza kwa ngumi kama anayepiga mtu. Nikamwuliza, "Mama Noriko, figili zimekukosea nini?"

"Si figili," akasema. "Ni mume wangu." Ndipo akanieleza.

Mumewe ni Hamaoka Tokuji, msanifu wa majengo. Si nyumba za kulala watu. Yeye ni maduka ya ghorofa na maofisi, miaka thelathini na moja katika kampuni ya Bwana Kuzumi. Ukipanda naye treni atakuonyesha dirishani, lile langu, lile nalo langu, kama mkulima anayeonyesha mashamba.

Sasa kule ofisini kila ramani ikiisha lazima ipigwe mihuri, kila mtu na wa jina lake. Pembeni ya karatasi vimechorwa visanduku sita, na cha mwisho kushoto ni cha mkubwa. Anaanza mdogo, inapanda mpaka kwa Kuzumi. Na mdogo hapigi muhuri wima. Anaulaza kidogo kushoto, jina lake lionekane linamwinamia mkubwa. Usipoulaza hakuna atakayekugombeza, ila cheo utakisikia kwa wenzako.

Safari hii ilikuwa ramani ya duka la ghorofa saba karibu na stesheni. Ikaja mezani, muhuri wa Kuzumi umeshapigwa. Mkubwa katangulia! Basi nani atatazama tena? Wa kwanza akaulaza wake, wa pili akaulaza, Hamaoka naye akaulaza, akaenda zake kula tambi.

Aliporudi alimkuta Sugako, yule mama anayenakili ramani kwa wino, amesimama mezani, macho mekundu.

"Mwalimu," akasema, maana ndivyo wasanifu wanavyoitwa huku, "uliiangalia?"

"Nimeshapiga muhuri."

"Sikuuliza muhuri. Nimeuliza kama uliiangalia."

Akaifunua. Hamaoka alikuwa amechora ngazi mbili. Sasa ilikuwepo moja. Ile ya nyuma, ya kukimbilia moto ukiwaka, ilikuwa imefutwa kutoka juu mpaka chini, na mahali pake pameandikwa: viatu vya kike.

Akaingia kwa Kuzumi bila kubisha.

"Ngazi iko wapi?"

"Mwenye duka anataka nafasi. Ngazi hainunuliwi na mtu, Hamaoka."

"Na watu wa ghorofa ya saba watashukia wapi? Kwenye viatu?"

"Lifti ipo."

"Moto ukiwaka lifti ni tanuri, nawe unajua!"

Kuzumi akaivuta ramani, akacheka. "Mbona umepiga muhuri? Tena tazama ulivyoinama. Miaka yote hii hujaniinamia vizuri hivi."

Kiyono anasema hapo ndipo damu ilipompanda. Akachukua rula na kalamu, palepale juu ya meza ya bosi, akapitisha mistari miwili juu ya muhuri wake, kama mtu anavyofuta kosa. Na kosa likifutwa hivyo lazima muhuri uleule upigwe tena pembeni, la sivyo halikufutika. Akaupulizia pumzi, akaugandamiza. Wima, kama nguzo.

"Umeniharibia ramani!"

"Nimeitengeneza."

"Jioni nitapata mwingine wa kupiga."

"Mpate. Mimi naenda kwa wakaguzi wa jiji, nikawaambie wahesabu ngazi."

"Ukitoka mlango huo, usirudi."

"Ufunguo wa kabati huo hapo."

Akaenda kweli, na ramani yake ya kwanza kwapani. Ile ngazi ilirudishwa. Duka lilipofunguliwa niliishuka mwenyewe, na goti langu bovu hili, kutoka juu hadi barabarani.

Lakini siku hiyo saa nane mchana Kiyono alipomwona mlangoni alidhani kuna aliyekufa. Mume akasimulia yote, akakaa, akangoja kusifiwa.

"Ramani ulizopiga muhuri umeinama ni ngapi?" Kiyono akamwuliza.

"Zote."

"Na ulizoangalia kwanza?"

Mume akavuta kikombe cha chai.

"Baba Noriko! Mtoto wako anauza glavu ghorofa ya tano kwenye duka la Sakai, ulilojenga wewe! Lina ngazi ngapi?"

"Nilichora mbili."

"Sikuuliza ulichora ngapi! Inuka."

Wakapanda treni hadi Sakai. Ghorofa ya tano Noriko akawaona kwa mbali, akawainamia kama wateja, halafu akanong'ona, "Mama, kuna nini?"

"Ngazi ya nyuma iko wapi?"

"Huko nyuma ya pazia. Lakini hatupitagi. Tunaweka maboksi."

Hamaoka akalivuta pazia. Ngazi ipo, mlango upo, na maboksi ya glavu na miavuli yamepangwa mpaka kwenye dari, katoni juu ya katoni. Mlango wenyewe haufunguki hata kiasi cha kupitisha paka. Akavua koti, akaanza kuyatupa nje, katikati ya wanunuzi.

"Baba, unaniaibisha! Msimamizi anakuja!"

"Na aje! Aje abebe!"

Msimamizi akaja mbio. "Bwana mteja, tafadhali sana, hapa haparuhusiwi..."

"Mimi ndiye niliyelichora jengo hili! Nani kakuruhusu uzibe ngazi yangu?"

"Makao makuu, bwana. Wametuletea karatasi, imepigwa mihuri yote."

"Walioipiga waliitazama?"

Kiyono naye alikuwa ameshakunja mikono ya kimono, anabeba. Noriko alitazama pande zote, uso mwekundu kama umeboshi, ile plamu ya kutiwa chumvi, kisha akaweka glavu chini, akabeba boksi. Mwishowe msimamizi pia. Mlango ukafunguka, wakashuka wote wanne mpaka chini.

Kwenye treni ya kurudi hakuonyesha jengo lolote dirishani. Kiyono akamwambia, "Kesho tunakwenda lile la Nara. Keshokutwa lile lingine. Yote."

"Yote," akasema, usingizi ukamchukua.

Kichwa chake kikamwinamia mkewe begani, upande wa kushoto. Kiyono akakisukuma kikae wima. Kikalala tena, akakisukuma tena. "Nilikuwa bado nimekasirika," aliniambia. Mara ya tatu mikono ikamchoka, akakiacha, naye akasinzia.