Kura ya Tanuri la Malaverne

Sisi watu wa Malaverne tuna kiburi, na sioni haya kulisema. Tumebaki nyumba kumi na nne, duka lilishafungwa, padri huja mara moja kwa mwezi, tena akikumbuka. Lakini tanuri la kijiji tunalo, la mawe, nyuma ya kanisa, na babu zetu wote walikula mkate uliotoka humo.

Miaka tisa lilikuwa halijawashwa. Basi meya, Bi Castaing, ambaye ofisi yake iko bondeni, akapanda kutuambia kuba lake limepata ufa, na afadhali libomolewe magari yapate pa kugeuzia. Tukamjia juu. Mwishowe akakubali kwamba akija Jumapili akakuta limeoka mkate bila kuanguka, litabaki.

Sasa, tanuri lililopoa halina rafiki. Anayeliwasha wa kwanza huteketeza kuni mara tatu ya wenzake, na mkate wake hutoka mweupe chini, mbichi katikati. Ndiyo maana kwetu hupigwa kura kwa mabua ya ngano. Mwenye fupi ndiye wa kwanza. Na kura hiyo watu wameiiba tangu enzi za wafalme. Mimi mwenyewe niliwahi kuficha bua refu ndani ya mkono wa sweta, Mungu anisamehe.

Safari hii kulikuwa na baya zaidi. Kuba likianguka, litamwangukia wa kwanza, na ataitwa aliyeua tanuri, yeye na wajukuu zake. Hapa hatusahau. Ukoo wa Vidalenc unasemwa mpaka leo kwa ng'ombe wao aliyetumbukia kisimani kabla ya vita.

Ijumaa asubuhi tukakusanyika. Shemeji yangu Fulcran, mbishi wa kuzaliwa, alishika mabua kumi na manne, moja fupi. Kila nyumba ikachomoa lake, naye akabaki na la mwisho. Langu lilikuwa refu. Nikashusha pumzi, kisha nikajionea aibu. Pembeni yangu alisimama Sidonie Vidalenc, mjane wa miaka themanini na tatu, ngumi kaifumba. Je, kama ni yeye? Hatujamtesa vya kutosha kwa yule ng'ombe? Nikalivunja bua langu kimyakimya kiganjani, kipande nikakiangusha.

"Haya, fungueni," Fulcran akasema, akafungua na lake.

Tukafungua. Yote mafupi. Yote kumi na manne, na hakuna lililolingana na jingine. Chini miguuni petu vipande vilikuwa vimetapakaa, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Fulcran alicheka mpaka akafuta machozi.

"Wezi wakubwa nyie," akasema. "Kila nyumba ilete mzigo wake wa kuni."

Tuliwasha pamoja, moto mdogo mdogo, siku mbili tukipokezana. Jumamosi kuba likalia mara moja, nasi tukarudi nyuma. Likatulia.

Jumapili mkate ukatoka mweupe chini, mbichi katikati, kama ilivyo ada. Bi Castaing akatafuna, akatafuna, akameza kwa taabu. Kisha akafungua daftari lake, akauliza ni nani aliyeoka mkate huu. Sidonie akatangulia mbele yetu sote.

"Andika Malaverne," akasema.

Akaandika. Tanuri lipo, na magari yanageuzia huko huko kwao bondeni.